Kabla hujamwita mtoto mkorofi: jinsi ya kumuelewa mwanafunzi kwanza ndo uamue

Naandika hii kwa walimu wenzangu, hasa wa msingi na wale wa kidato cha kwanza na cha pili, na kwa wazazi pia, maana hukumu nyingi zinaanzia nyumbani, mtoto anakuja shuleni ameshapewa jina. Kilaza. Mtoro. Jeuri. Mvivu. Jina likishamkaa ndo basi tena, mwalimu wa mwaka huu anamwambia wa mwaka unaofuata "huyo muangalie sana", na huyo mpya hata hajamfundisha siku moja tayari anamuangalia kwa jicho lile lile.

Ninachotaka kukuonyesha ni utaratibu, yaani uanze na nini pale mtoto anapokuudhi na mkono unakuwasha, ili ukifika kwenye kuamua uwe unajua unaamua juu ya kitu gani. Usidhani nakuomba uwe mpole tu. Kumuelewa mtoto ni kazi kama kusahihisha madaftari, ina vitu vyake vya kuangalia, na inawezekana hata kwenye darasa lenye watoto 90, maana wanaokusumbua kweli hawafiki hata kumi.

Kwanza andika ulichokiona

Chukua karatasi piga mstari katikati. Upande wa kushoto andika ulichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio, upande wa kulia andika ulichodhani. Mfano kushoto: "Jumanne kaingia saa mbili na dakika ishirini, shati limelowa mgongoni, hajasalimia, kakaa nyuma." Kulia: "hana adabu, anachelewa makusudi." Ukiandika hivi siku tatu nne utashangaa jinsi upande wa kulia ulivyojaa na wa kushoto ulivyo na maneno machache, na hilo la shati kulowa ulikuwa umeliona kabisa ila ulilipita kwa sababu ulishakasirika. Sasa shati limelowa kwa nini? Jasho, mvua, au alikuwa amebeba ndoo? Swali lako la kwanza kwa mtoto limeshapatikana hapo, na ni swali zuri kuliko "kwa nini unachelewa kila siku", maana hata hiyo "kila siku" ukifungua daftari la mahudhurio unaweza kukuta ni Jumanne na Ijumaa tu, halafu unaanza kujiuliza Jumanne na Ijumaa kuna nini, ni siku za gulio? Ni siku maji yanatoka mtaani kwao?

Hii hatua usiiruke. Hata kama una hakika. Hasa kama una hakika.

Anza na mwili

Watu wengi wakitaka kumuelewa mtoto wanakimbilia kuuliza mambo ya nyumbani. Mimi nasema anza na mwili, kwa sababu ni rahisi kuangalia na kwa sababu mtoto mwenyewe mara nyingi hajui kwamba ana tatizo. Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri anadhani wote tunaona hivyo hivyo, hawezi kukwambia sioni.

Macho: mpeleke nyuma ya darasa, mwambie azibe jicho moja kwa kiganja asome ulichoandika ubaoni, halafu abadilishe jicho. Usimfanyie yeye peke yake akajisikia vibaya, fanya kama mchezo kwa safu nzima. Anayenakili vibaya, anayechungulia daftari la jirani (na ambaye ulishamwita mwizi wa majibu), anayekunja uso akitazama ubaoni, hao ndo wa kuanza nao.

Masikio: hapa naomba tukae kidogo, maana huu ndo ujeuri wa uongo unaowaponza watoto kuliko mwingine wowote. Mtoto unamuita hageuki. Unamtuma kitu analeta kingine. Unamuuliza anakutolea macho tu, halafu anaangalia wenzake wamefanya nini ndo anafanya. Nilimuona mmoja wa darasa la nne, mwalimu wake alikuwa ameshaapa kwamba yule ana kiburi cha kwao, na siku moja mwalimu mwingine akasimama nyuma yake hatua moja tu akamuita jina kwa sauti ya chini ya kawaida, kimya, akamuita tena, kimya, akazunguka mbele akamuita kwa sauti ile ile na yule mtoto akaitika "naam mwalimu" hapo hapo. Alikuwa anasoma midomo. Masikio yote mawili yalikuwa yanatoa usaha na watu wa nyumbani walishazoea, wanasema ni ya tangu utotoni yatapona yenyewe. Usaha wa sikio usioisha ni ugonjwa, unakula usikivu kidogo kidogo, na unatibika. Kwa hiyo jaribio lako ndo hilo: simama nyuma au pembeni asikuone mdomo, ongea sauti ya chini, sikio moja kwa wakati. Halina gharama yoyote.

Kuna mtoto anayepotea. Unafundisha, anaganda, macho yamekodoa sehemu moja, pengine kope zinachezacheza, sekunde tano, kumi, kumi na tano, halafu anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea, na katikati hapo amekosa sentensi yako nzima. Ikitokea mara nyingi kwa siku moja usimpige na chaki ukamwambia aache kuota ndoto za mchana. Kuna kifafa cha namna hiyo, hakina kuanguka wala povu, kinawapata zaidi watoto wa umri wa shule ya msingi, na dawa zake zipo. Akiwa kwenye hali hiyo mguse mwite jina, anayeota ndoto tu atashtuka, mwenye hali hiyo hatashtuka mpaka ipite. Andika mara ngapi umeona na ilichukua muda gani, mpe mzazi hiyo karatasi aende nayo hospitali, daktari ataishukuru kuliko maelezo ya "anakuwaga kama hayupo".

Na mwenye kuomba ruhusa ya chooni kila dakika. Najua inaudhi, najua wapo wanaokwenda kuzurura. Ila mtoto mwenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, figo zake hazishiki maji vizuri, kwa hiyo anakunywa sana na anakojoa sana, na kunywa maji mengi ndo ushauri anaopewa kliniki. Ukimkatalia maji na choo unamsogeza kwenye maumivu, ambayo yakimshika hawezi hata kukunja goti. Asubuhi za baridi ndo mbaya zaidi, na huyo huyo ndo anayeambiwa anaigiza kuumwa siku ya michezo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo usiseme shuleni kwako hawapo. Angalia weupe wa macho kama una unjano. Na kama anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno na anakonda haraka, hapo usisubiri wiki iishe, inaweza kuwa kisukari, na kwa mtoto kisukari kinaenda mbio, mpigie mzazi siku hiyo hiyo.

Kwa wa kanda ya ziwa na sehemu zenye mabwawa na majaruba ya mpunga, kichocho na minyoo vinamaliza damu ya mtoto taratibu, anakuwa mchovu, analala darasani, hacheki. Na kwa mabinti wa darasa la tano na kuendelea: akikataa kusimama kuja ubaoni, mwache akae, huenda yuko kwenye siku zake. Usimuulize mbele ya wavulana. Mtume mwalimu wa kike aongee naye baadaye.

Halafu njia anayopita na kwao

Kabla hujaadhibu wachelewaji, nenda siku moja ukasimame kituoni asubuhi, mjini hasa. Nauli ya mwanafunzi Dar ni shilingi 200, ndogo sana kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda akiona kundi la sare anaziba mlango, au anasema "wawili tu", na mtoto anaachwa na gari ya kwanza, ya pili, ya nne. Katoka kwao saa kumi na moja alfajiri, kafika getini saa mbili kasoro, na mwalimu wa zamu anamuuliza alikuwa analala na nani. Kijijini ni mto, ni umbali, ni mdogo wake aliyeachiwa amlee mpaka mama arudi shamba.

Nyumbani ukienda usiende kama askari. Piga hodi, kaa utakapokaribishwa, kunywa maji ukipewa, salimia wakubwa wote kwa shikamoo zao hata kama wewe ndo mwalimu unayeogopwa. Usianze na kosa. Anza na kitu kizuri cha kweli cha yule mtoto, kipo tu ukitafuta, halafu uliza siku yake inaendaje tangu anapoamka. Bibi anayelea wajukuu wanne atakueleza mwenyewe kwamba huyu ndo anauza karanga jioni stendi mpaka saa tatu usiku, bila wewe kuuliza kwa nini analala darasani.

Lugha

Hii ni ya kidato cha kwanza na naona haisemwi vya kutosha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kasoma miaka saba kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, halafu anaingia sekondari karibu kila kitu ni Kiingereza kuanzia jina la somo. Anapewa wiki chache za kozi ya kujiandaa, mbio mbio, basi. Yule aliyekuwa anaongoza darasa anakuwa bubu. Ukimuuliza swali anainama. Unasema hajasoma. Fanya hivi: swali lile lile muulize kwa Kiswahili, pembeni, baada ya kipindi. Akilijibu vizuri basi umeshajua somo analijua ila maneno ndo hana, na dawa ya maneno ni tofauti kabisa na dawa ya uvivu. Asipolijibu kwa lugha zote mbili hapo napo umepata jibu, rudi nyuma uone aliachia wapi.

Anayeuliza maswali ya ajabu

Kuna mwanafunzi mwingine tunamhukumu kwa kasi sana, naye ni yule anayebishana na kitabu. Hapa tuna mfano wetu wenyewe Watanzania na kila mwalimu anatakiwa aujue. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza asikrimu, unachemsha maziwa unachanganya sukari, unaacha ipoe ndo unaweka kwenye friji, na nafasi kwenye friji ni ya kugombania. Siku hiyo mwenzake kaweka yake bila kuchemsha, Mpemba akaona akisubiri ipoe atakosa nafasi, akaiweka ya moto vile vile. Baada ya kama saa moja na nusu wakakuta ya Mpemba imeganda na ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani.

Angalia kilichofuata. Baadaye alipokutana na wauza asikrimu wa Tanga mjini wakamwambia wao siku zote wanaweka ikiwa ya moto ili igande haraka. Kumbe watu wa kazi walikuwa wanalisema siku zote. Akafika shule ya Mkwawa kule Iringa, akauliza tena, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia, na darasa likalichukua hilo likawa utani, kosa lolote akifanya kwenye hesabu wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikiria kukaa na hilo mtoto wa watu, kwa sababu tu ya kusema ulichokiona.

Akaja Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara pale shuleni. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanawahi kuganda kuliko ya nyuzi 35 ukiyaweka pamoja kwenye friji, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka wala hakusema umechanganyikiwa. Alimwomba arudie swali. Akamuuliza, ni kweli, umejaribu mwenyewe? Akasema hajui jibu, ila akirudi Dar atajaribu. Na kweli akaenda wakajaribu, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja kwenye jarida la fizikia, yeye na yule kijana, na mpaka leo dunia nzima inalitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Sasa mwingine atasema mbona wanasayansi bado wanabishana, na ni kweli, mwaka 2016 wapo waliorudia vipimo wakasema maji ya moto hayawahi. Sawa kabisa. Hiyo haimpunguzii Osborne kitu. Alichofanya kingekuwa sahihi hata kama kijana angekuwa amekosea, kwa sababu alikuwa hajui na akakubali kwamba hajui, akaenda kupima. Chukua hatua zake hizo hizo uzitumie darasani: mwambie arudie, muulize ameona mwenyewe au kasikia, sema sijui kama hujui, halafu kajaribu. Mbele ya darasa. Usimsubirishe mpaka arudi kwao akaambiwe na muuza asikrimu.

Namna ya kuuliza

Turudi kwa yule aliyekuudhi. Umeandika, umeangalia mwili, umeshapata picha ya njia na nyumbani, sasa unaongea naye mwenyewe. Usimuite ofisini walimu wenzako wamekaa wanasahihisha na kila mmoja ana neno la kuchangia, "huyo tena?", mtoto anafunga mdomo palepale. Mpe kazi ndogo mfanye wote, kubeba madaftari, kumwagilia miche, kupanga vitabu kabatini. Mikono ikiwa na shughuli mdomo unafunguka, na hatakiwi kukutazama usoni maana wengi wamefundishwa kwamba kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, kwa hiyo usimwambie niangalie nikiongea na wewe.

Usianze na "kwa nini". "Kwa nini" kwa mtoto wa kwetu inamaanisha fimbo iko nyuma ya mgongo, atatafuta jibu la kukuridhisha, uongo wa kwanza unaokuja. Sema: "Hebu nisimulie leo asubuhi tangu ulipoamka." Halafu nyamaza. Akinyamaza na wewe nyamaza, usimjazie maneno, usimwambie "ulilala ee?" maana atasema ndiyo. Akimaliza mrudishie kwa kifupi, "kwa hiyo ulichota maji kwanza, ukampeleka mdogo wako, ndo ukaanza safari, nimepata vizuri?" Mtoto akisikia umepata vizuri anaongeza lile ambalo hakupanga kusema.

Kama ni ugomvi sikiliza na wa pili, peke yake, na wa tatu aliyekuwa pembeni. Anayewahi kufika kwa mwalimu analia siyo lazima ndo aliyeonewa, amewahi tu.

Na usimuahidi siri. Hii ni muhimu mno. Mwambie "nitakusikiliza, ila ukiniambia kitu cha kukudhuru itabidi nitafute wa kutusaidia." Maana wakati mwingine ukiuliza vizuri unapata jambo zito, mjomba, baba wa kambo, jirani. Hapo usimhoji mara tano, usiende kumkabili mtuhumiwa, usiitishe kikao cha ukoo wakayamaliza kindugu. Piga 116, ni bure, ni namba ya huduma kwa mtoto, Kenya nako ni hiyo hiyo, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, na mtoto asirudi sehemu ya hatari usiku ule.

Sasa amua

Kuamua kupo. Wapo watoto wanaodanganya, wapo watoro wanaokwenda kucheza kamari stendi, wapo wanaowaonea wadogo, na ukishaelewa haina maana unawaacha. Ila sasa adhabu inakuwa ya kosa alilofanya siyo ya jina alilopewa, na utakuta mara nyingi ni kulipa alichoharibu au kufidia kipindi alichokosa. Kuhusu fimbo, Kenya ilishazipiga marufuku shuleni tangu 2001. Sisi Tanzania kanuni za 2002 zinasema visizidi viboko vinne, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mimi nasema ukifuata haya yote niliyoandika hutavihitaji, lakini hata mwenye kuviamini hana ruhusa ya kuvitoa mstarini kwa hasira saa moja asubuhi bila kuuliza neno.

Ukishaamua mwambie mtoto mwenyewe, kwa faragha, kwa mpangilio huu: nilichokiona ni hiki, ulichoniambia ni hiki, nimekagua nikakuta hivi, kwa hiyo tutafanya hivi mpaka tarehe fulani. Muulize kama kuna kilichoachwa. Akikwambia kitu kipya ambacho hukukijua, simamisha, kakague na hicho. Na kama uligundua jina alilopewa lilikuwa la uongo, basi lile jina liondoe pale pale liliposemwa, kama ni ofisi ya walimu sema ofisini, "jamani yule tuliyekuwa tunamuita jeuri hasikii sikio la kulia, kuanzia kesho anakaa dawati la mbele upande wa dirishani, mkimuita muite mkiwa mbele yake", na mwalimu atakayelipokea darasa lile mwakani umuandikie hivyo hivyo.